Ghuba Niliyoikata Peke Yangu

Wajukuu zangu husema bibi akianza habari za ziwa hana breki. Basi na wavumilie. Mimi niliikata ghuba ya kaskazini ya Ziwa Nyasa peke yangu, msimu wa upepo wa Mwera, na mtumbwi uliojaa vyungu, na sioni kwa nini nijifanye mnyenyekevu juu ya jambo hilo. Wanyenyekevu wako wengi. Aliyekuwa majini siku ile nilikuwa mimi tu.

Zilikuwa zama za Wadachi, miaka michache kabla hawajapigana na Waingereza na kutumalizia hata mbuzi. Nilikuwa msichana bado, lakini tayari mjane. Kijiji chetu kimebanwa baina ya mlima na maji. Ukitoka mlango wa mbele unaona ziwa. Ukizunguka nyuma ya nyumba unagonga mwamba. Palikuwa na mihogo kidogo iliyong'ang'ania mtelemkoni, na zaidi ya hapo hatukuwa na shamba la kuringia. Wanaume wa Kikisi walivua samaki, wanawake tulifinyanga. Chakula chetu hasa kilikuwa ng'ambo, kwa Wanyakyusa wa Ngonga na Katumba Songwe, ambako udongo ni mweusi na mnono na migomba inaota hata usipoibembeleza. Wao walikuwa na chakula wakakosa vyungu vya kupikia, sisi tulikuwa na vyungu tukakosa cha kupika. Bei ilikuwa rahisi. Mnunuzi anakijaza chungu nafaka mpaka shingoni, wewe unaimimina kwenye kikapu chako, yeye anabaki na chungu. Mpaka leo naona hiyo ndiyo biashara pekee isiyohitaji hakimu.

Mume wangu alikuwa mpiga kafi asiye na mfano pwani yetu. Mwaka wa kwanza wa ndoa alinichukua mara kwa mara kufuata udongo wa kufinyangia, mwendo mfupi kandokando ya ufuko, na njiani alinipa kafi kwa utani tu, aone nitakavyozunguka papo hapo kama kuku aliyekatwa kichwa. Nilizunguka kweli. Kisha nikaacha kuzunguka. Alicheka siku zile mpaka akashika ubavu, lakini hakuninyang'anya kafi, na kwa hilo namshukuru kuliko kwa mahari aliyotoa.

Kisha boma likataka wapagazi. Askari walikuja wakachagua wanaume wenye mabega, na yeye mabega alikuwa nayo. Akabeba mizigo ya Wadachi kupanda nyanda za juu, na huko homa ikamwangusha njiani. Wenzake walirudi na blanketi lake. Nililia mpaka sauti ikakauka, na sitaki kuandika zaidi kuhusu hilo, maana hata sasa linauma.

Aliniachia nyumba, binti mmoja aliyekuwa ndiyo kwanza anaanza kuuliza maswali yasiyo na mwisho, na mtumbwi aliouchonga mwenyewe kutoka gogo zima. Matanga hayajapoa vizuri, shemeji yangu, mdogo wake marehemu, akaanza kuutazama mtumbwi ule kwa jicho la mwenye mali. Alikuwa na wake wawili. Mwalimu wa kanisa alikuwa amesema mara nyingi kwamba mjane Mkristo harithiwi kwa nguvu, lakini shemeji hakuwa amebatizwa, na alisema wazi kwamba atabatizwa siku atakapochoka kuoa.

Wazee wa ukoo wakaitwa. Shemeji akasimama, akazungumza kwa upole mwingi, na upole wake ndio ulionikera zaidi.

"Simlazimishi," alisema. "Nauliza tu. Mke wetu huyu anafinyanga, sawa. Nani atavusha vyungu vyake? Mtumbwi wangu umejaa vya wake zangu. Mtu hali vyungu. Aje kwangu na mtoto, na mtumbwi uje, tuishi wote."

Nilimwona binti yangu kwenye paja la mama mkwe, anachezea shanga, na nikajua kinachosemwa pale. Nikiingia nyumba ile mtoto atakuwa wa shemeji, atakua chini ya wake wawili wasionipenda, na siku akifika kuolewa sitaulizwa neno. Damu ikanipanda.

"Nitavivusha mwenyewe," nikasema.

Walicheka. Wanawake kwetu walipiga kafi karibu na ufuko, hilo halikuwa ajabu, lakini kuikata ghuba ilikuwa kazi ya wanaume, tena wawiliwawili. Mzee mmoja, kaka mkubwa wa baba mkwe, hakucheka. Nadhani alikuwa amechoka na njaa na alitaka tu kikao kiishe. Akasema hivi: mwanamke huyu aende peke yake na mtumbwi wa mumewe, arudi peke yake na chakula cha kumfikisha masika. Akirudi hivyo, abaki nyumbani kwake na mtoto wake na mtumbwi wake, na mtu asimguse tena kwa neno hili. Akigeuka njiani au akirudishwa na watu, aingie nyumba ya shemeji bila maneno.

"Nimekubali, baba," shemeji akasema haraka. Alikuwa na haki ya kuharakisha. Upepo wa Mwera ulikuwa umeshaanza kunusa maji.

Nieleze jambo moja kwa wasiolijua ziwa letu. Kutoka kwetu kwenda Itungi, ufukweni kwa Wanyakyusa, kuna njia mbili. Ya kwanza ni kufuata ufuko wote, kupita midomo ya mito, na midomo hiyo ina mamba na viboko ambao hawana habari na ujane wako. Ya pili ni kuikata ghuba moja kwa moja, na huko adui ni mmoja tu, Mwera, unaovuma kutoka kusini bila kukutana na chochote cha kuusimamisha. Wanaume wote walikata ghuba. Mkiwa wawili, mmoja anapiga kafi na mwenzake anakumba maji, yaani anayachota na kuyamwaga nje. Ukiwa peke yako, ukiacha kafi ukumbe maji, mtumbwi unageuza ubavu kwa wimbi. Ukiacha kukumba ushike kafi, maji yanaendelea kupanda. Kifo cha mtu wa peke yake mtumbwini kiko hapo katikati, kwenye kuchagua mkono ufanye nini. Nililijua hilo tangu mwanzo. Lakini maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, na mimi nguo nilikuwa nimeshaivua mbele ya ukoo mzima.

Nilichoma vyungu vyangu vizuri kuliko nilivyowahi kuchoma. Alfajiri ya siku yenyewe wanawake wawili jirani walinisaidia kupakia, na mama mkwe alitusimamia kuhakikisha tunafuata desturi. Kwetu chungu husafiri mdomo juu, kimekalia majani makavu. Chungu kifudifudi ni chungu cha marehemu. Mwanamke akifa, vyungu vyake ndivyo hupinduliwa hivyo, na hakuna mfinyanzi ambaye angepakia vyungu vilivyo hai kwa namna hiyo. Tukavipanga kwa mistari, tukavitandazia wavu mkuukuu na kuukaza kwenye kingo za mtumbwi, kisha tukavifunika juu kwa mkeka wa ukindu. Kafi la akiba, lile la mume wangu, nilililaza ubavuni.

Mama mkwe akamchukua mtoto. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, na sikujua yuko upande gani.

"Ukishikwa na baridi usilale," alinambia. "Hata ukisikia raha. Hasa ukisikia raha."

Ziwa lilikuwa limelala. Nilipiga kafi nikitazama vilima vya ng'ambo, na kwa muda mrefu sikuwa na shida yoyote isipokuwa majivuno. Mkono ulikumbuka kila kitu. Nilifikiri jinsi nitakavyorudi, na maneno nitakayomwambia shemeji, na nikayapanga na kuyapangua njia nzima. Kijiji kikawa moshi mwembamba chini ya mlima, kisha hata moshi sikuuona. Upande wa mbele nchi ya Wanyakyusa ilikuwa mstari wa kijani kibichi, haukaribii wala hauendi mbali.

Katikati ya ghuba niliona maji ya kusini yamebadilika rangi. Mstari mweusi ulikuwa unakuja. Kila mtu wa ziwa anaujua mstari huo. Nilikuwa na nafasi ya kugeuka, na nakiri niliifikiria. Kisha nikamwona shemeji akilini, kwa upole wake ule, ananipokea kafi ufukweni. Nikapiga kafi kwenda mbele.

Mwera ulinipiga kwanza ubavuni kwa baridi. Watu wa bara hudhani maji ya ziwa letu ni ya vuguvugu kila siku. Mwera ukivuma hukoroga maji ya chini ukayaleta juu, na maji ya chini hayajawahi kuliona jua. Wimbi la kwanza lilinilowesha kifua nikapiga kelele. Lililofuata likaingia mtumbwini. Nikaweka kafi magotini, nikakamata kata ya kibuyu na kukumba, mtumbwi ukageuka ubavu, nikaacha kata nikashika kafi. Hivyo hivyo, mara kata, mara kafi, na kila nilipobadilisha nilikuwa nimechelewa kidogo.

Lakini mtumbwi ulizidi kuwa mzito kuliko maji niliyoyaona miguuni. Sikuelewa. Nilikumba mpaka nikaiona sakafu, na bado ulikuwa unakaa chini, unainuka kwa uvivu mbele ya kila wimbi. Ndipo upepo ulipong'oa ukindu na kuupeleka nao, na macho yangu yakaangukia vyungu. Kila kimoja kilikuwa kimejaa maji mpaka shingoni. Wimbi lilipoingia, vyungu ndivyo vilivyolinywa kwanza, midomo juu, kwa heshima zote za desturi yetu. Nilikuwa nimebeba ziwa ndani ya ziwa.

Wanaume wetu walikuwa wanavusha vyungu hivyo tangu zamani, na mimi nimewauliza wengi baadaye kwa nini hawakuliona jambo hili. Jibu ni kwamba walikuwa wawili, na wa pili alimwaga maji vyunguni bila kufikiri. Aliyekuwa peke yake alizama, na aliyezama hakurudi kueleza.

Kumwaga maji chungu kimoja kimoja na kukirudisha mdomo juu kusingesaidia kitu. Wimbi lingekijaza tena kabla sijafika cha pili. Palikuwa na njia moja tu, na nilipoiona nilihisi baridi nyingine, si ya maji. Nilipaswa kuvipindua vyote. Kuvilaza kifudifudi, mimi mwenyewe, kwa mikono yangu, kama watu wanavyofanya kwenye nyumba ya maiti. Na maiti yenyewe nani? Hapakuwa na mwingine mtumbwini.

Niliomba kwa Mungu wa kanisani, kisha nikawaomba radhi na wa zamani, ili asibaki mtu amekasirika. Nikaingiza mkono chini ya wavu. Chungu cha kwanza kilitoa maji kwa mlio wa mtoto anayesukutua mdomo. Nikakilaza. Sikufa. Cha pili nikakipindua haraka zaidi, na cha tatu kwa hasira. Mtumbwi uliyumba bila kuongozwa, mawimbi yalinipiga mgongoni, kafi la akiba lilielea likaondoka, nami niliendelea kupindua vyungu huku nikipiga magoti ndani ya maji. Vingine viliniponyoka vikavunjika. Vilivyobaki nikavikazia wavu tena, fundo juu ya fundo, kwa vidole ambavyo vilikuwa vimeanza kukataa kutumwa.

Nilikuwa nimemaliza fundo la mwisho lilipokuja wimbi kubwa kuliko yote, likapita juu ya kingo, mtumbwi ukajaa maji kabisa. Nilikaa ndani yake maji yakiwa kiunoni, kafi nimelibana magotini, na nikasubiri kuzama.

Hatukuzama. Nilishika kingo kwa mikono miwili na nikahisi kitu kinasukuma kutoka chini ya wavu, kwenda juu. Vyungu vyangu, midomo chini, vilikuwa vimeshika pumzi. Kila kimoja kilibana hewa ndani yake na kutaka kupanda, wavu ukavizuia, na kwa kuvizuia ukauinua mtumbwi pamoja na mimi. Wimbi lilipita, likaja jingine, likapita. Nilicheka. Naona aibu kidogo kusema, lakini nilicheka kwa sauti kubwa katikati ya ghuba, meno yakigongana, maana nilikuwa nimekaa majini kiunoni na nilikuwa sizami. Furaha ile sijapata nyingine inayofanana nayo, hata siku ya harusi.

Baada ya hapo kazi iliyobaki ilikuwa kupigana na baridi. Mtumbwi uliojaa maji haupinduki kirahisi wala hauendi popote kirahisi. Mwera ulikuwa unatusukuma kaskazini, na mimi nilipiga kafi kwa upande mmoja tu ili tusiangukie mdomo wa mto wenye viboko. Vidole vilipokataa kufumba, nilirarua upindo wa kaniki yangu kwa meno na kulifunga kafi kwenye kiganja. Nilitetemeka mpaka shingo ikauma. Kisha kutetemeka kukapungua, na raha ikaja, joto jema likinipanda kutoka miguuni, na kitu kikanambia nipumzishe kichwa kidogo tu juu ya ukingo.

Nikakumbuka maneno ya mama mkwe. Nikajipiga kofi. Nikaimba wimbo wa kanisani, lakini nilikuwa najua ubeti mmoja tu na ubeti ule ulikuwa wa kutuliza mioyo, haukunifaa. Basi nikaanza kumtukana shemeji. Nilimtukana kwa sauti, kwa Kikisi, kuanzia miguu kwenda juu. Nilizisema ndevu zake, uvivu wake, jinsi anavyotafuna, na wake zake nikawahurumia hadharani mbele ya mawimbi. Hasira ilinipasha joto kuliko moto wa kuni. Nilipomaliza nilianza upya, na safari ya pili nilikumbuka mambo niliyoyasahau. Watu wengi wameokolewa na upendo, nimesikia. Mimi siku ile niliokolewa na vyungu na hasira, na sina haja ya kuficha.

Mawimbi yalitutupa kwenye mchanga karibu na Itungi, jua likiwa limeshainama. Mama mmoja wa Kinyakyusa, aliyekuja kuchota maji, aliona mtumbwi uliojaa maji na mwanamke ndani yake anatukana. Akautua mtungi wake, akaingia majini na nguo zake, akanivuta kwa kwapa.

"Ugonile, juba," akanisalimu, yaani umeamkaje, mama, kana kwamba tumekutana njiani kwenda sokoni. Kisha akatazama nyuma yangu. "Mwenzako yuko wapi?"

"Sina mwenzangu."

"Aliyepiga kafi yuko wapi?"

Nikamwonyesha kiganja kilichofungwa kafi. Alinibeba mgongoni kama mzigo wa kuni mpaka nyumbani kwake, akanivua, akaniviringisha kwenye nguo za gome la mti, akanilaza karibu na moto, si juu yake, maana alijua mtu aliyeganda hapashwi kwa pupa. Alinipa uji wa ndizi kidogo kidogo. Kutetemeka kukanirudia, na yeye akafurahi, akasema mwili unarudi nyumbani. Ndaga fijo, asante sana, mama yule. Nilimwambia hivyo mpaka akachoka kusikia.

Habari zilifika Ngonga kabla yangu. Nilipovipeleka vyungu vyangu huko, kwa msaada wa wanawe, watu walikuwa wanasubiri. Walivigonga kwa kucha wakasikiliza mlio. Chungu kibaya kikikaa majini siku nzima hulainika na kupasuka. Vyangu vililia safi kila kimoja, na nilihakikisha kila mtu anajua sababu.

"Hivi vimeogelea," niliwaambia. "Mtakipata wapi chungu kingine kilichovuka ziwa na kumleta mtu?"

Mzee mmoja aliyekuwa na shamba la mpunga akajaza chungu chake mpaka shingoni, akanitazama, akarundika juu ya shingo mpaka nafaka ikamwagika. Walioona wakaona haya kujaza chini ya hapo. Nilipata mpunga, mahindi na maharage, na mwanamke mmoja alinipa mkungu wa ndizi bure kwa sababu, alisema, mumewe haamini kwamba mimi nipo na yeye anataka kumkomesha. Kweli vyungu vichache vilivunjika ziwani. Lakini vilivyobaki vilileta chakula kingi kuliko mtumbwi mzima wa safari za kawaida.

Mwera haukukubali kuniachia mara moja. Ulivuma siku baada ya siku, na mimi nilisimama ufukweni kila asubuhi nikiwaza mtoto. Wanaume wa pale walinambia nitafute mtu wa kunisindikiza, na nilikataa, maana masharti yalikuwa masharti. Nilitaka kuondoka hata hivyo, upepo au hapana. Mwenyeji wangu akanikalisha chini.

"Juba, umeshinda kwenda," alisema. "Usishindwe kurudi kwa haraka ya mguu."

Nikasubiri. Hata mzigo niliupunguza. Nilipoona kingo za mtumbwi zimekaribia maji, nilitoa kikapu kimoja cha mahindi nikakiacha kwake, ingawa moyo uliuma. Alfajiri moja maji yakalala, na nikaondoka kabla hayajabadili mawazo.

Safari ya kurudi ilikuwa tamu mpaka leo naionja. Ghuba ilikuwa tambarare, mzigo umekaa vizuri, mlima wetu unakua mbele yangu kidogo kidogo. Niliimba ubeti wangu mmoja wa kanisani tena na tena na sasa ulinifaa. Kisha, nilipokaribia kiasi cha kuona paa za nyumba, nikasikia kilio.

Kilikuwa kilio cha msiba. Kilitoka upande wa nyumba yangu. Nilisikia vizuri, maji tulivu huleta sauti kutoka mbali. Mtoto. Nimemwacha mtoto kwa ajili ya ubishi, na mtoto amekufa. Sikuwahi kuogopa hivyo katikati ya Mwera. Nilipiga kafi mpaka ngozi ya viganja ikachanika, na sikuhisi.

Ufukweni hapakuwa na mtu. Nikauburuta mtumbwi mchangani kadiri nilivyoweza, nikauacha na mzigo wake, nikapanda njia nikikimbia, kafi mkononi. Uwanja wangu ulikuwa umejaa watu. Mwanamke wa kwanza aliyeniona alinyamaza katikati ya kilio, mdomo wazi. Wa pili alipiga yowe akakimbia. Wakakimbia wengi, wengine wakavuka uzio, na jirani yangu mmoja, mnene, alijaribu kuingia ndani ya banda la mbuzi.

"Nani amekufa?" nikapiga kelele. "Nani?"

Mama mkwe peke yake hakukimbia. Alikuja polepole, akanishika mkono juu ya kiwiko, akaubana, akaushika tena, anatafuta kama una joto. Machozi yalikuwa yanamtiririka.

"Wewe," alisema. "Wewe ndiye uliyekufa. Ukindu wako ulitupwa ufukweni. Kisha kafi la mwanangu."

Nikaelewa. Binti yangu akatoka nyuma ya kaniki ya bibi yake, mzima, uso umejaa majivu, akaniuliza nimemletea nini. Nilimnyanyua nikalia kama sijawahi kulia tangu blanketi lile lirudi, ila safari hii kwa furaha tupu, na nilimbana mpaka akalalamika.

Nilipoinua macho nilimwona shemeji. Alikuwa amekaa mlangoni mwangu, kwenye kigoda changu, sinia magotini. Msiba huchinjiwa, na yeye kama mwenye nyumba mpya alikuwa amechinja jogoo wangu. Paja la jogoo lilikuwa mkononi mwake, limeshaumwa mara moja, na mkono haukujua uende kinywani au urudi siniani. Watu waliokuwa wamekimbia walianza kurudi mmoja mmoja. Yule mzee wa masharti naye alikuwepo, na alikuwa akitazama chini kuelekea ufukweni, kwenye mtumbwi wenye vikapu.

Maneno yote niliyoyapanga ziwani yalinitoka. Yalibaki haya tu.

"Kula, shemeji, umalize," nikamwambia. "Jogoo huyo ni wa kukuaga."

Mzee ndiye aliyecheka wa kwanza, mpaka akashikilia fimbo kwa mikono miwili, kisha uwanja mzima. Shemeji aliweka paja chini, akasimama, akanipisha mlangoni. Nikaingia nyumbani kwangu na mwanangu mgongoni, na wale waliokuja kunilia nikawatuma ufukweni wakashushe mpunga wangu.